Banda Lisilo na Nafasi ya Mtu wa Pili

Sogeleaneni kidogo kwenye viti hivyo, ndugu zangu, maana nje kuna ukungu, na habari ninayotaka kuwapa nayo ina baridi yake.

Alikuwako mtu mmoja huku huku kwetu nyanda za juu, katika moja ya vijiji hivi vilivyozungukwa na mipaini. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la magogo. Alipostaafu akarudia kitu alichokipenda tangu ujana wake, yaani useremala. Si useremala wa kufungua duka, la. Useremala wa nyumbani, wa mtu anayependa tu harufu ya mbao mbichi na kuona kitu kinasimama pale ambapo asubuhi hapakuwa na kitu. Watu walimwita Baba Osmunda, kwa jina la binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali. Mkewe alikuwa ameshatangulia.

Nyuma ya nyumba yake akajenga banda la mabanzi, akaliezeka bati. Na kila Jumamosi jirani yake, Mligo, alikuwa akipenya kwenye upenyo wa ua wa michongoma na kuja kumshikia mbao. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kushika. Mligo hakujua kupiga randa wala kunoa patasi. Lakini ubao mrefu una ncha mbili, na mtu ana mikono miwili tu, tena yote iko upande mmoja. Basi mmoja akikata, mwingine ameshika, na midomo yote miwili inaongea. Jumamosi ikiisha, utakuta kimetengenezwa kigoda kimoja na zimesimuliwa hadithi kumi.

Siku moja walikuwa wanatengeneza kabati la vyombo la kumpelekea Osmunda. Mbao zilikuwa za mninga, na mninga kwa huku kwetu mnajua hauokotwi njiani. Mligo alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wa mkwewe alivyokula kofia ya mgeni wa heshima, na alipofika pale mgeni anapoitafuta kofia, akacheka mwenyewe mpaka mikono ikalegea. Ubao ukamponyoka, ukadondoka kwa ncha, ukapasuka toka juu hadi chini.

Baba Osmunda akautazama ule ubao. Halafu akasema neno. Akasema, "Mikono yako imezoea kushika kikombe cha pombe ya ulanzi tu, Mligo. Ubao huuwezi."

Mligo akakiweka chini taratibu kile kipande kilichobaki mkononi mwake. Akajipangusa vumbi la mbao. Akasema, "Nimekusikia, ndugu yangu." Akapita kwenye upenyo wa ua, akaenda zake.

Sasa niwaulize. Kutoka pale bandani hadi kwa Mligo ni mbali? Mtu angeweza kuvuka ua, akasema "ndugu yangu, ulimi umeniteleza," na jambo likaisha kabla chai haijapoa. Si ndivyo? Lakini Baba Osmunda hakuvuka. Alishika nyundo. Akachukua mbao mbili, akazisimamisha kama miguu ya stuli ndefu, na juu yake akalaza gogo jembamba la mviringo linalozunguka lenyewe, ili ubao ukipitishwa hapo uteleze bila kuanguka. Akaupima urefu wake vizuri. Ulikuwa sawasawa na kimo cha kiuno cha Mligo.

Jumamosi iliyofuata, Mligo alikuja. Ndiyo, alikuja! Akasimama mlangoni na sweta lake la kazi.

"Umeamkaje, Baba Osmunda? Leo nikushikie wapi?"

Baba Osmunda hakugeuka. Akaonyesha kwa kidevu kile chombo chake kipya. "Usijisumbue. Nimepata wa kushika asiyecheka."

Mligo akakitazama, akaligusa lile gogo, likazunguka. "Kweli," akasema, "huyu hata kuchoka hachoki." Akatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyefungiwa mlango akiwa ameshanyoosha mkono wa salamu. Akaondoka, na tangu siku hiyo hakupenya tena kwenye ule upenyo. Michongoma ikauziba pole pole, kama kidonda kinavyofunga juu huku ndani hakijapona.

Naomba tusimhukumu haraka huyu bwana. Kuna kazi ukiifanya vizuri inakutuliza maumivu, na yeye alikuwa na maumivu. Akaanza kulitengeneza lile banda. Akajenga meza ya kazi nzito, ya miguu minene kama ya ng'ombe dume, akaikaza ukutani isitikisike. Mwisho wa meza akafunga jiliwa la kubana mbao, kwa hiyo akawa hahitaji mtu wa kukandamiza. Akachonga vibao vya kuongozea msumeno, ambavyo ukiegemeza ubao wako hapo, msumeno unapita njia ile ile kila mara, kwa hiyo akawa hahitaji mtu wa kusimama kando na kumwambia, "Unapinda, rudi kidogo." Zamani alipopoteza patasi alikuwa akipaza sauti, "Mama Osmunda, umeiona patasi yangu hapo?" na sauti ikamjibu kutoka jikoni, "Iko mfukoni mwako!" Sasa akatengeneza ubao wa ukutani, kila chombo akakichongea nafasi yenye umbo lake: randa mahali pake, keekee mahali pake, tupa mahali pake. Hakuna kupotea, na kwa hiyo hakuna wa kuulizwa.

Na pale mahali ambapo Mligo alikuwa akisimama, kwenye ile kona yenye mwanga wa dirisha, akajenga rafu ndefu ya kuhifadhia mbao, kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi, akaikaza kwa bolti.

Banda lilipendeza, ndugu zangu. Ungeingia ungesema huyu ni mtu mwenye akili, na usingekosea. Akiwa katikati, kila kitu alikifikia kwa kunyoosha mkono. Akawa anajisemea mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia: "Sasa simsumbui mtu." Kiburi chake alikipa jina zuri hilo. Kutosumbua watu. Nani atamlaumu mtu kwa kutosumbua watu?

Lakini kulikuwa na mmoja aliyekataa kuachwa nje, naye ni Mama Editha, mke wa Mligo. Huyo hakupita kwenye upenyo. Alizunguka njia ya barabarani akiwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Leo viazi na maharage, kesho ugali wa ulezi na mboga za maboga. Alikuwa akisimama mlangoni, anapiga hodi, anangoja, na Baba Osmunda inambidi aache kazi, ajipanguse mikono, apokee, ashukuru, ajibu habari za Osmunda na habari za kifua chake. Hilo nalo likaanza kumchosha. Akakata kidirisha kwenye ukuta wa mabanzi, akakitengenezea kabati dogo lenye mlango wa nje na mlango wa ndani. Siku hiyo Mama Editha alipokuja, akamwambia, "Shemeji, usiwe unasimama kwenye baridi. Weka tu humo, nitachukua. Na lile la jana utalikuta limeoshwa."

Mama Editha akakitazama kile kidirisha. "Ni kizuri, shemeji," akasema. "Lakini nikiweka humo nitajuaje kama u mzima?"

"Utasikia randa."

"Randa naisikia hata nikiwa nyumbani kwangu. Ningependa kukusikia wewe."

Baba Osmunda akacheka kidogo, akarudi mezani. Tangu hapo yule mama akawa anakuja, anaweka bakuli, anachukua lililooshwa, anasema kwa kupitia mabanzi, "Hodi shemeji, nimeweka!" na randa inamjibu: shwaa, shwaa. Anaondoka.

Halafu ikaja asubuhi moja Baba Osmunda akafungua mlango wa ndani, akakuta bakuli lake aliloliosha bado liko pale pale. Akasema, labda amekwenda shambani. Kesho yake, vile vile. Na siku zilizofuata. Moyo ukamwambia, vuka ukaulize. Akajibu, "Labda wamenichoka, nao wana haki. Siwezi kwenda kudai chakula cha watu kama mtoto." Akapika uji wake, akanywa amesimama. Mnaona jinsi kutosumbua watu kunavyoweza kumfanya mtu asiulize jirani yake ana nini?

Mama Editha alikuwa hospitali ya wilaya. Kijiji kizima kilijua. Yeye peke yake hakujua, kwa sababu habari hupita kwa watu, na kwake walikuwa hawapiti.

Akafariki. Asubuhi moja ya ukungu kama ya leo, Baba Osmunda akasikia mtu amesimama mlangoni. Akageuka, akamwona Mligo. Amezeeka ghafla. Sweta ni lile lile la kazi.

"Mama Editha ametuacha jana jioni," Mligo akasema.

Baba Osmunda akashika ukingo wa meza. Akasema, "Pole. Pole sana, ndugu yangu. Sikujua."

"Tunazika kesho alasiri, watoto wakishafika. Nimekuja kwa ajili ya jeneza."

"Niachie mimi." Baba Osmunda akaishika randa hapo hapo. Nawaambia kweli, huyu mtu alikuwa anawapenda, na sasa amepata njia ya kulipa kila bakuli na kufuta kila neno. "Nitamtengenezea la mninga. Lile la mtu mkubwa. Wewe nenda kakae na watu wako, kesho mchana litakuwa tayari."

Mligo hakuondoka. Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Hukunielewa," akasema. "Jeneza lipo hata mjini. Mimi nimekuja tulitengeneze. Nyumbani kina mama wanalia pamoja, vijana wanapasua kuni, kila mtu ana lake la kufanya. Mimi wananikalisha kwenye kiti, wananiambia tulia. Siwezi kutulia, Baba Osmunda. Nipe upande mmoja nishike."

Baba Osmunda akageuka kutafuta mahali pa kumsimamisha. Akatazama kona ya dirishani, akaona rafu. Akatazama upande wa pili wa meza, akaona ukuta. Akatazama mwisho wa ubao, pale ambapo mtu wa pili husimama, akaona lile gogo lake linalozunguka. Ni kweli kabisa, ndugu zangu, hakusema uongo aliposema:

"Hapa hapana pa kusimama."

Angeweza kung'oa kitu. Nyundo ilikuwa mahali pake, mkono ungeifikia bila hata kutazama. Lakini alifikiri jeneza zuri, na jeneza zuri linahitaji vyombo vyake vilivyo mahali pake. Mligo akalizungushia macho banda lote, toka sakafuni mpaka kwenye kenchi. "Kweli," akasema polepole. "Umepajaza." Akavaa kofia yake. Alikaa nje kwenye gogo kwa muda. Baba Osmunda alimsikia akikohoa. Kisha kikohozi kikanyamaza.

Siku ile yote alifanya kazi, na kesho yake tangu kulipopambazuka. Msibani hakwenda kukaa; nyundo alizozisikia ng'ambo ya ua alidhani ni za vijana wanaosimamisha turubai. Alijisemea, "Mimi msiba wangu naulilia hapa." Na aliulilia kweli, machozi yalidondoka kwenye mninga akayafuta kwa msasa. Kila kiungo kiliingia kama kidole kwenye pete. Vile vibao vya kuongozea msumeno havikumwangusha hata mara moja, jiliwa lilibana, gogo lilizunguka. Akachonga msalaba kwenye kifuniko, akapaka mafuta mpaka mti ukang'aa kama asali. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizopata kufanya maishani mwake.

Jua lilipokuwa limeanza kuinama, akalimaliza. Sasa alitoe nje.

Mninga ni mzito, jamani. Akalisukuma juu ya vipande vya magogo ya mviringo mpaka mlangoni. Pale mlangoni pana ngazi ya mawe, na kutoka hapo njia inapanda kilima. Akainua upande wa kichwani; upande wa miguuni ukabaki chini. Akazunguka kwa kubanana, akainua upande wa miguuni; wa kichwani ukateremka ukakwama kwenye fremu ya mlango. Akajaribu kamba, akajaribu mtaimbo. Ndani ya banda lile palikuwa na chombo cha kila kazi, lakini cha kubeba jeneza hapakuwa nacho, maana tangu dunia iumbwe jeneza halibebwi na mtu mmoja.

Akatoka akipanda juu yake. Akakimbilia barabarani na aproni yake ya kazi, akapaza sauti, mtu ambaye kwa miaka hakuwa amempazia mtu sauti:

"Jamani! Nani yuko hapo anishikie upande mmoja?"

Akaenda nyumba ya kwanza, mlango umefungwa. Nyumba ya pili, kuku tu. Kwenye nyumba ya tatu akamkuta bibi kizee ameketi juani, miguu imevimba.

"Watu wako wapi, bibi?"

"Wako makaburini, baba. Wameondoka zamani."

"Makaburini wanafanya nini? Jeneza liko kwangu!"

Bibi akamtazama kwa kumhurumia. "Jeneza? Mligo alilitengeneza jana hapo uwanjani kwake. Alibomoa ukuta wa ghala la mahindi akapata mbao. Halikunyooka sana, wala yeye hajui kazi ile. Lakini kila aliyefika kuhani alipewa nyundo apigilie msumari wake. Hata mimi walinibeba na kigoda changu, nikashika ubao." Akainyoosha mikono yake mikavu, akaitazama yeye mwenyewe kama mtu anayetazama kitu cha thamani. "Mligo alicheka kidogo, ujue. Katikati ya msiba. Niliupinda msumari, akacheka."

Baba Osmunda akaenda makaburini. Alipofika, udongo ulikuwa umeshalundikwa, na wajukuu wanachomeka maua. Akasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemnunia. Waliokuwa karibu naye wakasogea kumpisha, kwa adabu, kama anavyopishwa mgeni. Maombi yalipokwisha, Mligo akamwona, akamjia, mikono imejaa udongo.

"Nimemtengenezea la mninga," Baba Osmunda akasema.

"Najua. Najua lilikuwa zuri." Mligo akamshika kiwiko. "Watu wanakwenda nyumbani kunawa. Twende nawe."

Neno lenyewe lilikuwa dogo hivyo tu. Twende nawe. Lakini aibu ilikuwa imemkaba mzee wa watu, na mazoea yakamjibia kabla moyo haujawahi: "Tangulieni. Nimeacha banda wazi."

Akarudi peke yake. Na alipofika akakuta kitu alichokuwa amekisahau: jeneza limekwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Kuingia, lazima apande juu ya jeneza. Akalitazama. Akaketi chini kwenye ngazi ya mawe, mgongo wake umeliegemea, na ng'ambo ya ua alikuwa anazisikia sauti za watu, maji yakimiminwa kwenye mabeseni, mtu akimwita mwenzake, "Nimwagie na mimi." Ukungu ukashuka, akawa hata haioni michongoma.

Nimeishia hapo. Najua mnataka kuniuliza, je, hakwenda? Hatimaye hakuvuka? Mimi sitawajibu, maana jibu hilo haliko kwake. Liko kwetu sisi tuliokaa humu.

Sisi tunajua kutoa. Nani hapa hajui kutoa? Msiba ukitokea tunatuma rambirambi kwa simu, mgonjwa tunampelekea matunda, tunaweka, tunaondoka. Tunatoa vitu vizuri, vya mninga. Lakini kuhitaji, hapo sisi ni mabubu. Mzee anateleza kwenye matope, ukitaka kumshika anasema "niache, naweza." Mama ana deni la usingizi la mwezi mzima, anauguza, ukimuuliza hali anasema "salama tu." Tunafikiri hiyo ndiyo nguvu, na wengine wetu tunafikiri ndiyo imani. Ndugu yangu, ukikataa mtu asikushikie, umemnyima yeye mahali pa kusimama. Yule Mligo hakuvunjwa moyo na tusi la ulanzi. Tusi alilisamehe ndani ya wiki moja akaja na sweta lake. Alivunjwa moyo na kuambiwa kwamba hahitajiki.

Kuna watu kijijini hapa wanaoletewa chakula, wanaoletewa nguo, wanaoombewa kila Jumapili kwa majina yao, na bado wanakufa kwa upweke, kwa sababu hakuna mtu anayewaomba kitu. Wiki hii usiende kwao kupeleka. Nenda kaombe. Mwombe yule mjane akufundishe kusuka ukili. Mwambie yule mzee mkali wa kule bondeni, "Baba, njoo unishikie ngazi, nataka kupanda darini." Atagomba, atasema umemsumbua. Halafu mtazame anavyotembea akija.

Na Mungu naye, ambaye hakuhitaji kitu kwetu, mbona ametuita tumfanyie kazi kwa mikono hii inayoangusha mbao? Lifikirini hilo mkienda nyumbani.

Sasa tusimame tuombe. Na yule ambaye magoti yanamsumbua leo kwa baridi hii, asijikaze kama kawaida yake. Amguse aliye jirani yake begani, amwambie, "Ninyanyue." Tutamngoja.